Kisu au sindano? Ulizia moyo na mifupa kwanza

Mtu akiingia chumbani kwangu kuniuliza, "Dada, nikate tumbo au nidunge sindano nipunguze uzito?", huwa ameshapiga hesabu zote za kilo na za pesa. Anajua jirani alipungua kilo ngapi, anajua bei ya dozi ya mwezi, na tiketi ya kwenda India pia anaijua. Ambacho hajauliza ni kilo hizo zitatoka wapi. Hayaondoki mafuta matupu. Mwili ukikonda kwa kasi hutoa nyama na chokaa ya mifupa pia, hata kama moyo unapata nafuu wakati huohuo. Basi huwa nafungua daftari upya mbele yake: safu moja ya moyo, safu moja ya mifupa.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Mombasa. Sipasui wala siandiki dawa. Wengi nawapata baadaye, daktari aliyewapasua yuko Nairobi au Chennai na wao wako Kisauni, wameshika mfuko wa vidonge wasiojua kipi kinakwenda na chakula na kipi hakitaki kukutana na kingine. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wale wanaobahatika kuja mapema.

Jua unalinganisha nini na nini

"Kukata tumbo" si kitu kimoja, na kwa mifupa tofauti ni kubwa. Kwenye slivu, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula huondolewa ukabaki kama bomba jembamba, utumbo hauguswi. Kwenye baipasi, mfuko hukatwa ukabaki kijifuko kidogo, kisha kijifuko hicho kinaunganishwa na utumbo kwa mbele, chakula kikawa kinaruka kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba. Kipande hicho kinachorukwa ndicho hasa kinachofyonza kalsiamu na madini ya chuma. Kama umeshaandikiwa upasuaji na huwezi kusema ni upi kati ya hizo mbili, rudi kwa daktari umuulize leo.

Sindano nazo zina majina mengi kuliko dawa zilizomo. Ozempic na Wegovy ni dawa moja, semaglutidi, ya kwanza ikitolewa kwa kisukari na ya pili kwa uzito. Mounjaro na Zepbound ni tirzepatidi. Saxenda ni liraglutidi, ambayo hudungwa kila siku badala ya kila wiki.

Kwa uzito peke yake: utafiti mkubwa wa semaglutidi wa mwaka 2021 ulionyesha wastani wa kupungua karibu asilimia 15 ya uzito wa mwili kwa wiki 68. Tirzepatidi ya dozi ya juu, mwaka 2022, ilifika karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Slivu huondoa kama robo ya uzito, baipasi hukaribia asilimia 30. Puto la tumboni siliingizi kwenye hesabu hii. Ni la miezi tu, kisha linatolewa.

Safu ya moyo

Hapa habari ni njema pande zote mbili, ila ushahidi wake si wa aina moja.

Sindano ina utafiti unaoitwa SELECT, uliochapishwa mwaka 2023. Watu 17,604 kutoka nchi 41 waligawanywa kwa kubahatisha, wengine wakapewa semaglutidi, wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya miaka mitatu na kitu, waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa asilimia 8 upande usio na dawa, na asilimia 6.5 upande wa dawa. Kwa lugha ya sokoni: katika kila watu 1,000, kumi na tano waliepushwa. Ni jambo kubwa. Lakini soma walikuwa nani: wenye umri wa miaka 45 na zaidi, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi au mishipa ya miguu, na hawakuwa na kisukari. Binti wa miaka 28 mwenye moyo mzima hawezi kuchukua hesabu hiyo akaivaa kama yake.

Upasuaji una umri mrefu zaidi. Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 waliokuwa wanene vilevile lakini wakatibiwa kwa njia za kawaida. Waliopasuliwa walipungukiwa na mishtuko ya moyo na viharusi, na ripoti ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi ya wenzao. Kasoro mbili nazitaja kila mara. Watu hawakugawanywa kwa kubahatisha, na wengi wao walipasuliwa kwa mtindo wa zamani ambao leo haufanywi tena. Hata hivyo, kufuatilia watu kwa miongo yote hiyo ni kitu ambacho sindano hizi bado ni changa mno kukionyesha.

Kwa presha, ninaoupenda ni utafiti wa Brazili wa mwaka 2018. Wagonjwa 100 wenye presha, nusu yao wakafanyiwa baipasi juu ya dawa zao, nusu wakaendelea na dawa tu. Baada ya mwaka, zaidi ya asilimia 80 ya waliopasuliwa waliweza kupunguza dawa zao kwa thuluthi hivi au zaidi presha ikiwa bado imetulia. Upande wa pili waliofika hapo hawakuzidi asilimia 13.

Hukumu yangu: aliyewahi kupata mshtuko wa moyo na uzito wake si wa kupindukia, sindano ina ushahidi unaomwelekea yeye moja kwa moja. Mwenye BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) ya 45, kisukari na dawa tatu za presha, upasuaji humshushia mizigo yote kwa pamoja na kwa muda mrefu, mradi daktari wa moyo na wa dawa ya usingizi wamempitisha. Na usishtuke ukiwa kwenye sindano mapigo ya moyo yakipanda kidogo ukiwa umetulia. Kwa wastani ni pigo moja hadi manne kwa dakika. Yakipanda sana na kubaki juu, mwambie daktari.

Safu ya mifupa, ambayo hakuna anayeiuliza

Baipasi ndiyo inayodai zaidi. Watafiti wa San Francisco walipima, wakachapisha mwaka 2015, kiasi cha kalsiamu ambacho utumbo hufyonza kabla na baada ya baipasi. Kabla ilikuwa karibu thuluthi ya kile mtu anachokula. Miezi sita baadaye ilikuwa asilimia 7, na hao ni watu ambao vitamini D yao ilikuwa imewekwa sawa. Damu ikikosa kalsiamu, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni inayoamuru ichotwe kwenye mifupa. Ongeza hapo kwamba mfupa uliozoea kubeba kilo 120 sasa unabeba 80 na haupati tena sababu ya kuwa mnene, nyama iliyokuwa ikiuvuta imepungua, na homoni ya estrojeni iliyokuwa ikitengenezwa kwenye mafuta imeshuka. Huko Sweden, kwenye rekodi za maelfu ya waliofanyiwa baipasi, kuvunjika mifupa kuliongezeka kwa asilimia 30 hivi kulinganisha na wanene wenzao wasiopasuliwa. Na haiji mwaka wa kwanza, wakati kila mtu anakupongeza. Huja baadaye, ukiwa umeshaacha kliniki.

Slivu nayo hupunguza mifupa, ila kwa kiasi cha chini kuliko baipasi.

Sindano je? Hairuki utumbo wowote, lakini hamu ya kula ikikatika, maziwa, samaki na mboga hukatika nayo. Katika tafiti za dawa hizi, kati ya robo na asilimia 40 ya uzito uliopotea haukuwa mafuta. Maelezo rasmi ya Wegovy kule Marekani yanasema wazi kwamba katika utafiti wa moyo, wanawake waliovunjika nyonga au fupanyonga walikuwa asilimia 1 kwenye dawa dhidi ya 0.2 upande mwingine, na kwa waliofikisha miaka 75, asilimia 2.4 dhidi ya 0.6. Idadi ni ndogo, ila bibi wa miaka 76 akivunjika nyonga mnajua wenyewe nyumba nzima inavyogeuka wodi.

Sasa utafiti ninaoutumia kuliko yote, wa Denmark. Watu 195 walipunguzwa kwanza kwa chakula kidogo sana kwa wiki nane, kisha wakagawanywa mafungu manne kwa mwaka mmoja: mazoezi, liraglutidi, vyote viwili, au wala hiki wala kile. Matokeo ya mifupa yalitoka mwaka 2024. Waliotumia dawa bila mazoezi walipoteza mifupa ya nyonga na ya uti wa mgongo. Waliochanganya dawa na mazoezi walipungua uzito kuliko wote, na mifupa yao ikabaki karibu ilivyokuwa. Kwa hiyo ukiniuliza sindano ni mbaya kwa mifupa, nitakuuliza unafanya mazoezi gani.

Kabla hujaamua

Nataka kujua: hedhi imeshakoma? Umewahi kuvunjika kifundo au mkono kwa kuanguka tu ukiwa umesimama? Mama au baba alivunjika nyonga? Unatumia prednisoloni kwa pumu au viungo? Una mawe ya figo? Ukinijibu ndiyo mara mbili, nakuomba uzungumze na daktari wako kuhusu slivu au sindano kabla ya kukubali baipasi. Siyo marufuku. Kuna mwenye kiungulia kikali ambaye slivu itamwongezea mateso, na kwake baipasi bado ndiyo inayofaa. Basi aingie akijua gharama ya mifupa na ajipange.

Vipimo vya damu: vitamini D, kalsiamu, ile homoni ya tezi za shingoni, figo, wingi wa damu, madini ya chuma, B12. Kama hospitali ina kipimo cha DEXA, yaani picha ya kupima uzito wa mifupa, piga nyonga na uti wa mgongo kabla ya kuanza, kwa sababu picha ya baadaye bila ya mwanzo haikuambii umepoteza nini. Uliza pia meza ya mashine inabeba uzito gani, usifunge safari bure.

Usinieleze kuhusu jua la Mombasa. Jua tunalo, lakini anayetoka nyumbani na buibui, akakaa ofisini mchana kutwa na kurudi magharibi, ngozi yake halijaiona. Pima. Ikiwa chini, ijaze kwanza kwa dozi ya daktari, ndipo upasuliwe.

Baada ya kisu: chupa ya kalsiamu

Hapa nakaa na mtu mpaka aelewe. Geuza chupa uisome nyuma. Namba kubwa ya mbele inaweza kuwa 1250, lakini huo ni uzito wa kalsiamu kaboneti nzima. Kalsiamu yenyewe ndani yake ni miligramu 500. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo iyeyuke, kwa hiyo humezwa na chakula. Aliyepasuliwa ana asidi chache, na mara nyingi amepewa omeprazoli ya kupunguza hata hiyo iliyobaki. Kwake kalsiamu sitreti ni bora, inaingia hata bila chakula. Ubaya wake, kalsiamu halisi ni kama moja ya tano tu ya uzito, basi vidonge ni vikubwa na vingi. Wengi huvivunja, na hilo halina tatizo. Muulize tu mfamasia kama ni vya aina ya kuvunjika.

Lengo la kawaida baada ya slivu au baipasi ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja, na isizidi 500 hadi 600 kwa mkupuo mmoja kwa sababu utumbo hauchukui zaidi. Vitamini D huanzia yuniti 3,000 kwa siku, kisha damu ndiyo inayoamua. Vidonge vya madini ya chuma vipishe na kalsiamu kwa saa mbili. Na si kwa chai, chai hukifunga chuma. Wa dawa ya tezi kubwa ya shingo (thairoidi, si zile ndogo nne), aitenganishe na kalsiamu kwa saa nne.

Ramadhani hunipa kazi. Mgao wa mara tatu unakuwa futari, kabla ya kulala, na daku, na chuma kinatafutiwa nafasi baada ya tarawehe. Lakini aliyepasuliwa karibuni, ambaye bado hanywi maji ya kutosha hata siku za kawaida, namwambia amwone daktari na shehe wake kabla ya kunuia. Mwenye sindano pamoja na insulini pia, sukari inaweza kumshuka mchana.

Chakula: glasi ya maziwa au mtindi ni kama miligramu 300. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, wachemshe uwasage kwenye mchuzi kama tumbo bado jipya. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri. Spinachi na mchicha zina asidi ya oksaliki inayoishikilia, kwa hiyo zile lakini usizihesabu. Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku angalau. Yai lina gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, kikombe cha maharagwe 15. Kula protini kwanza kwenye sahani, wali mwishoni. Wa sindano wafuate sheria hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wao wakila vizuri huenda vidonge vya kalsiamu wasivihitaji.

Mazoezi ya mifupa si ya jasho tu

Kuogelea Nyali ni kuzuri kwa moyo, lakini maji yanakubeba, mfupa haujui kama umefanya kazi. Mfupa unataka uzito. Kutembea kwa haraka Mama Ngina, kupanda ngazi badala ya lifti, kuinuka kitini bila kushika popote, kujisukuma ukutani, kunyanyua mitungi ya maji ya lita tano, mmoja kila mkono. Siku mbili au tatu za kunyanyua kwa wiki, na kwa jumla dakika 150 za kwenda haraka kiasi cha kuhema. Aliyepasuliwa asinyanyue kizito chochote mpaka daktari wake amruhusu. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza kiwango chake.

Pale moyo na mifupa vinapokutana

Mama mmoja wa Likoni alikuja kwangu amefungwa mkono. Uzito ulikuwa umeshuka vizuri, lakini vidonge vyake vya presha vilikuwa vilevile vya enzi za kilo mia na kitu. Usiku aliinuka kwenda msalani, kichwa kikazunguka, akaangukia mkono. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya presha hupunguzwa jinsi mwili unavyopungua, na kliniki aliyopasuliwa haikumpigia simu tena.

Fanya hivi kila wiki mnapokonda. Lala dakika tano, pima presha. Simama, pima baada ya dakika moja, na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, au ukiona giza, mwone daktari apange upya dawa, usiziache mwenyewe. Ukitapika au kuharisha kutokana na sindano, maji mwilini yanapungua na dawa za kukojoza zinakuwa hatari zaidi. Na weka taa ya msalani.

Kuna ya kukimbilia hospitali bila kungoja miadi: maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi, mapigo yanayozidi 120 siku za mwanzo baada ya upasuaji pamoja na maumivu ya tumbo au homa, kutapika kusikokoma, na kwa wa sindano, maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni.

Ukiishiwa pesa ya sindano

Sema mapema, kabla ya dozi ya mwisho. Walioacha semaglutidi katika utafiti walirudisha thuluthi mbili za uzito ndani ya mwaka, na faida nyingi za presha na sukari zikapotea. Uzito unaorudi ni mafuta zaidi kuliko nyama, kwa hiyo mazoezi ya kunyanyua yaendelee hata dawa ikisimama. Na usiende kutafuta ya bei nafuu kwa mtu wa WhatsApp: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Duka la dawa lenye jokofu na leseni, au basi.

Kwa wa baipasi, andika neno hilo kwenye karatasi ndogo ukae nayo pochini, na umwonyeshe kila anayekupa dawa, hata daktari wa meno. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa vidonda pale kijifuko kilipounganishwa na utumbo. Na siku DEXA ikionyesha mifupa imelegea, vile vidonge vya mifupa vya kumeza mara moja kwa wiki pia huunguza mahali hapo. Mwambie daktari umefanyiwa baipasi, aangalie kama utafaa dripu ya asidi ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka, baada ya kuhakikisha kuwa vitamini D, kalsiamu na figo ziko sawa.